Uwilimuziki: mtafiti anaposhika vijiti

Katika isimu tunalo neno uwililugha, yaani hali ya mtu kumudu lugha mbili. Utafiti wa muziki una dhana inayofanana nayo, na kwa mfano huohuo twaweza kuiita uwilimuziki: mtu aliyelelewa katika muziki wa aina moja hujifunza kupiga na kuimba muziki wa jamii nyingine hadi sikio lake lizoee kuupokea kwa namna ya wenyewe. Mantle Hood, mtafiti wa muziki wa Marekani, ndiye aliyeipa dhana hii nguvu mwaka 1960, akishikilia kwamba mwanafunzi wa Los Angeles anayetaka kuandika kuhusu gamelani ya Java, yaani kundi la ala za kugonga la Indonesia, hana budi kwanza aketi na kuipiga.

Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa pambo, maadamu kinasa sauti hunasa kila kitu. Amadinda, marimba ya Buganda, yawasuta. Mbao 12 hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na wapigaji huketi pande mbili wakitazamana. Mapigo ya omwawuzi, mpigaji wa pili, huingia katikati ya mapigo ya omunazi, mpigaji wa kwanza, bila kugongana na kwa kasi kubwa, huku mpigaji wa tatu, omukoonezi, akishughulika na mbao mbili za sauti ya juu kabisa. Anayesikiliza kanda husikia vijituni vinavyorukaruka, akadhani yupo anayevipiga, kumbe hakuna.

Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki aliyetoka Vienna na kufundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka (mfalme wa Buganda), alilitambua hilo akiwa na vijiti mkononi: mikono yake ilikuwa ikipiga mfululizo ulionyooka, ilhali sikio lilipokea kitu kingine kabisa. Katika maelezo aliyochapisha mwaka 1962 alionyesha kwamba sikio huzikusanya sauti za juu kando na za chini kando, kisha kila kundi likawa tuni inayojitegemea. (Kwa maoni yangu Muyinda anastahili sehemu kubwa ya sifa hiyo, maana ndiye aliyemketisha Kubik mahali pa kulisikia jambo lenyewe.) Kwa anayejua Kiganda, tuni hizo huweza hata kukumbusha maneno ya wimbo.

Ugumu wa kujifunza haumo katika wepesi wa mikono. Omwawuzi huyahesabu mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo ya msingi, na omunazi naye vivyo hivyo kwa yake. Mwanafunzi anayejiona kama mtu wa kujaza nafasi zilizoachwa na mwenzake hupotea upesi.

Hata hivyo, kupiga peke yake si utafiti, kwa kuwa bado kuna kazi ya kuchambua na kuandika. Nyimbo za amadinda, ambazo zina sauti tano tu, huandikwa kwa namba 1 hadi 5, mstari mmoja wa omunazi na mwingine wa omwawuzi. Tuni anayoondoka nayo msikilizaji haimo katika mstari wowote kati ya hiyo miwili.