Kuiwezesha kerneli kutambua tachi: maana yake nini?

Tableti ya mtumba kutoka Mwembe Tayari ukiiwekea Linux, huenda picha ikatokea safi lakini kidole kisijibiwe. Mombasa fundi wa simu atakwambia tachi imekufa. Pengine ni nzima, ila kerneli haijaambiwa kwamba ipo.

Kerneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, sehemu inayosimama kati ya programu na vifaa. Kerneli ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na ndiyo iliyomo hata ndani ya Android. Sehemu yake inayojua kuzungumza na kifaa fulani huitwa draiva.

Kwenye tachi, kazi huenda hivi. Chipu ndogo hupima mabadiliko ya umeme pale kidole kinapogusa kioo. Huishtua kerneli kwa ishara ya kukatiza, nayo draiva husoma vipimo, aghalabu kupitia nyaya mbili za I2C, njia ya chipu kuwasiliana. Hapo hujulikana kidole kiko wapi, na kila kidole hupewa namba yake. Bila namba hizo usingeweza kukuza picha kwa vidole viwili.

Wengi hudhani kuongeza tachi mpya ni kuandika draiva nzima. Mara nyingi sivyo! Chipu za tachi za kampuni za Goodix na Silead, kwa mfano, zina draiva tayari. Kinachokosekana ni maelezo ya tableti yenyewe: chipu iko anwani gani kwenye nyaya za I2C (za Goodix huwa 0x5d au 0x14), ishara ya kukatiza inapita wapi, kioo kina ukubwa gani, kimefungwa upande upi. Ukigusa juu pakajibu chini, mstari mmoja tu, touchscreen-inverted-y, huondoa kero hiyo. Chipu za Silead huhitaji pia faili ya programu yake ipakiwe kila zinapowashwa, na kuipata faili hiyo ndiko kunakochosha.

Maelezo hayo yasibaki kwenye mashine yako, kwani kerneli ikisasishwa itabidi uyaingize upya. Yatume kwa wasimamizi wa kerneli yakiwa na mstari wa Signed-off-by, unaothibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Yakikubaliwa huingia katika toleo lijalo. Matoleo hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na mwenye tableti kama yako hatahitaji kufanya lolote.