Sanduku la kiota: tundu la mti lililochongwa na fundi

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Mtu akisikia "sanduku la kiota" hudhani ni kiota kilicho tayari, ndege anahamia tu kama mpangaji aliyekuta kitanda na godoro. Sivyo. Ukifungua sanduku jipya hukuti kitu ndani, mbao nne za pembeni na sakafu basi. Kiota atakijenga ndege mwenyewe kwa nyasi zake. Sanduku limewekwa badala ya tundu la mti, lile shimo la kwenye shina ambalo zamani ndege angelipata bila kumtegemea mtu.

Ndege aliyeyapa masanduku haya umaarufu ni ndege wa bluu wa Amerika Kaskazini. Kuna aina tatu: wa mashariki, wa magharibi na wa milimani. Dume wa mashariki ana mgongo wa bluu iliyoiva, kifua cha rangi ya matofali na tumbo jeupe. Jike ni huyohuyo aliyepauka. Dume wa milimani ni samawati karibu mwili mzima. New York na Missouri wamemfanya yule wa mashariki ndege rasmi wa jimbo, Idaho na Nevada wakamchagua wa milimani. Ajabu ni kwamba unyoya wake hauna rangi ya bluu hata chembe. Bluu hiyo inatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa ndani, unavyoutawanya mwanga. Ukiusaga, bluu inapotea.

Sasa, kwa nini ahitaji tundu? Kwa sababu hatagi kwenye matawi ya wazi, na mdomo wake mwembamba ni wa kudakia panzi na viwavi, hauwezi kuchimba mti. Anayechimba ni gogota. Gogota akishalea makinda yake akahama, tundu linabaki, na ndege wa bluu anarithi. Kwetu tabia hii si ngeni: hondohondo naye hutagia kwenye tundu la mti ambalo hakulichimba, ingawa yeye huongeza mambo yake ya kumziba jike ndani kwa udongo. Ndege wa namna hii maisha yao yote yanategemea kazi ya mwingine. Miti mikavu ikiisha, hawana pa kwenda hata kama chakula kimejaa tele.

Ndivyo ilivyotokea Marekani. Wakulima walikata miti iliyokufa, na nguzo za uzio za mbao, ambazo zikioza hufanya matundu mazuri, zikabadilishwa na za chuma. Juu ya hapo wakaja wageni wawili kutoka Ulaya. Shomoro aliletwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kwezi wa Ulaya aliachiwa katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 1890. Wote wawili hutagia matunduni, na wote ni wakorofi kuliko mwenyeji. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kuelezwa sana hapa: kunguru wa Kihindi aliletwa kisiwani katika miaka hiyohiyo ya 1890 asaidie kula takataka, na leo anakula mayai ya ndege wengine mpaka bara.

Kufikia katikati ya karne ya 20 ndege wa bluu walikuwa wamepungua vibaya. Katika miaka ya 1930, T. E. Musselman wa Quincy, Illinois, alikuwa akitundika masanduku kandokando ya barabara za mashambani, moja baada ya jingine, ili mtu aweze kuyapitia yote kwa safari moja. Mpango huo ukaitwa njia ya ndege wa bluu, na jina hilo linatumika mpaka leo. Mwaka 1978 Lawrence Zeleny wa Maryland akaanzisha chama cha bara zima cha kuwatetea. Ndege wakarudi, na waliowarudisha kwa sehemu kubwa ni watu wa kawaida wenye msumeno na misumari.

Ukitaka kujua kama aliyetengeneza sanduku anaelewa anachofanya, usiangalie uzuri wa mbao. Angalia mlango. Kwa ndege wa mashariki, tundu la mviringo huwa na kipenyo cha inchi moja na nusu, kama sentimita 3.8. Ndege wa bluu anapita, kwezi hapiti. Ongeza robo inchi tu, umeshamkaribisha kwezi. Shomoro, kwa bahati mbaya, anapita kote, maana ni mdogo zaidi.

Kosa jingine ni kijiti cha kutua mbele ya mlango. Masanduku ya urembo madukani huwa nacho, na watu hukipenda, lakini ndege wa bluu hakihitaji. Anashika ukingo wa tundu kwa kucha na kuingia. Kijiti kinamfaa shomoro akae pale akimzuia mwenye nyumba. Mambo mengine ni ya fundi yeyote mwenye akili: mbao zisizotiwa dawa, paa linalozidi ukuta ili mvua isiingie, vitundu vya kupitisha hewa juu na vya kutoa maji chini, na upande mmoja unaofunguka. Sanduku hupigiliwa kwenye nguzo, urefu wa kama mita moja na nusu, mbele ya uwanja wa nyasi fupi ambapo ndege ataona wadudu. Nguzo huvishwa bomba pana la bati, maana nyoka, paka na rakuni, mnyama wa porini wa huko, wanajua kupanda.

Utazamaji wenyewe huanza mapema, majira ya baridi yanapoisha. Dume hulifikia sanduku kwanza. Anabeba jani la nyasi mdomoni, anaingia nalo, anatoka nalo, anatua juu ya paa na kutikisa mabawa. Mtazamaji mgeni hushangilia kwamba ujenzi umeanza. Bado. Hiyo ni posa. Dume anamwonyesha jike nyumba, na jike akiridhika, kazi ya kujenga ni yake peke yake. Bwana yule wa majani mdomoni hubaki kulinda na kuimba. Jike hutaga yai moja kwa siku, kwa kawaida manne au matano, ya bluu iliyofifia, mara chache meupe. Huyaatamia kwa takriban wiki mbili. Kisha makinda hukaa ndani siku kama 18 wakilishwa na wazazi wote wawili.

Je, kufungua sanduku kuchungulia kunaharibu? Wengi tumekua tukiambiwa kwamba ndege hususa mayai yakiguswa na mkono wa mtu. Ndege wa bluu hana usumbufu huo; gonga kwanza jike atoke, fungua, hesabu, funga, ondoka. Mara moja kwa wiki inatosha. Ila makinda wakifikisha siku 12 au 13 acha kabisa, kwa sababu wakishtuka wanaweza kuruka nje kabla mabawa hayajaiva.

Na kuchungulia huko si anasa. Kwa maoni yangu, asiye na nafasi ya kulikagua sanduku asilitundike. Shomoro dume akiliteka huvunja mayai, huua makinda, na mara nyingine humdonoa jike kichwani mpaka afe humohumo ndani. Sanduku lililosahauliwa linageuka kiwanda cha shomoro, na mwenye nalo anaamini anasaidia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inalinda viota vya ndege wenyeji. Shomoro hayumo katika ulinzi huo, kwa hiyo wakaguzi huruhusiwa kutoa kiota chake.

Makinda wakishatoka, kiota kikuukuu huondolewa na sanduku kufagiliwa, kwani jike huenda akatagia tena humo kabla msimu haujaisha, mara mbili, kusini hata tatu. Baada ya hapo baadhi ya watu huyashusha masanduku. Wengine huyaacha, wakaziba vitundu vya hewa kwa tambara. Na usiku wa baridi kali ndege kadhaa hujibana ndani ya sanduku moja, wakapeana joto mpaka asubuhi.