Askari wa farasi wa Uingereza kule India hawakuwa Wazungu watupu

Wengi huamini kwamba kila askari wa farasi aliyewatumikia Waingereza huko India alikuwa Mzungu aliyeletwa kwa meli. Wapo kweli waliotoka Uingereza, wakakaa miaka kadhaa, wakarudi kwao. Lakini vikosi vingi vilijaa Wahindi, maofisa wakuu tu ndio wakiwa Waingereza. Katika vingi vya hivyo, hadi Vita Kuu ya Kwanza, askari alijigharamia farasi na matandiko; serikali ikampa bunduki.

Ukikuta medali ya zamani, itazame ukingoni, palipochongwa jina na cheo cha mwenyewe. Cheo kikiwa sowar (askari wa farasi wa kawaida), jemadar au risaldar (ofisa wa Kihindi wa askari wa farasi), mwenyewe alikuwa Mhindi. Jemadar ndiye jemadari wetu, ingawa kule alikuwa ofisa mdogo. Kwetu kapanda cheo.