Mtindo wako wa kupamba nyumba, na majina yanayochukua nafasi yake

Mtindo binafsi wa kupamba nyumba ni yale mambo unayoyachagua tena na tena bila kuambiwa na mtu: rangi unazozirudia, malighafi unazopenda kuzishika, wingi wa vitu unaoweza kuuvumilia kwa mtazamo mmoja, na aina ya mwanga unaokutuliza. Maana yake inaishia hapo. Lakini siku hizi mtu akiulizwa mtindo wake ni upi, anajibu kwa jina: Skandinavia, bohemia, viwandani, kisasa. Anakuwa ametaja mtindo uliopo, ila hajasema lolote kuhusu wake. Akiingia dukani na jina hilo peke yake, atatoka na chumba kinachofanana na kile cha maonyesho, na baada ya miezi michache ataanza kukiona kigeni.

Majina hayo mengi yalibandikwa na waliokuja baadaye. Mtindo wa Art Deco, kwa mfano, unaitwa hivyo kutokana na maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925, lakini jina lenyewe lilienea katika miaka ya 1960. Mafundi waliochonga samani zile hawakuwa wakifuata lebo. Walikuwa wakijibu mahitaji ya wakati wao kwa vifaa walivyokuwa navyo. Skandinavia nayo ni jibu la hali ya hewa kabla ya kuwa mtindo: kaskazini mwa Ulaya majira ya baridi ni marefu na mchana wake ni mfupi, kwa hiyo kuta nyeupe, mbao za rangi hafifu na madirisha yasiyozibwa na mapazia mazito husaidia kutumia vizuri mwanga mdogo uliopo. Zihamishie kuta hizo katika chumba kinachopigwa na jua kali alasiri nzima, na weupe ule ule utaakisi mwanga mpaka macho yachoke. Mwenye nyumba hudhani amekosea kopo la rangi, kumbe amechukua jibu la tatizo ambalo chumba chake hakina.

Jina linaloonewa kuliko yote ni hili la "kisasa". Katika historia ya ubunifu wa ndani, usasa ni kipindi chenye tarehe zake. Msanifu majengo Walter Gropius alianzisha shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Ikahamia Dessau mwaka 1925, na ikafungwa ikiwa Berlin mwaka 1933. Marcel Breuer, aliyekuwa mmoja wa walimu wake, alianza mwaka 1925 kuunda viti vya mabomba ya chuma yaliyokunjwa, wazo alilolipata kwenye usukani wa baiskeli. Kanuni za kundi hilo zilikuwa wazi: umbo litokane na kazi, kitu kisifiche jinsi kilivyoundwa, na nakshi isiyo na kazi iondoke. Kiti cha aina hiyo kina umri wa kuitwa cha babu, na bado ni cha kisasa kwa maana hii. Kochi lililotoka kiwandani juzi, lenye vifungo vilivyozamishwa mgongoni, miguu ya rangi ya dhahabu na kingo zilizochongwa maua, ni jipya kabisa na halina hata kanuni moja kati ya hizo.

Kwa hiyo mtu akimwambia fundi "nataka kisasa", anaweza kuwa anataka samani za mkondo huo wa Bauhaus, au anataka kinachouzwa sana mwaka huu, au anataka tu vitu vichache na kuta tupu. Hayo ni maombi matatu yanayozaa vyumba vitatu. Fundi atachagua anachokijua, na lawama zitaanza siku ya kukabidhi kazi.

Maana hiyo ya pili, kinachouzwa sana mwaka huu, ni fasheni. Haina ubaya ikikaa mahali pake: foronya za mito ya kochi, kifuniko cha taa, chombo cha maua, vitu unavyoweza kuvibadilisha bila kumwita fundi. Ubaya huanza fasheni inapofika kwenye vigae, makabati ya jikoni na kitambaa cha kochi kubwa, kwa sababu hivyo utaishi navyo miaka mingi baada ya msimu wake kupita.

Kuutafuta mtindo wako, anza na vitu ulivyo navyo kabla ya picha. Chagua kumi ambavyo usingekubali kuviacha ukihama. Kwa kila kimoja andika malighafi, rangi, umbo la kingo, na kama kinang'aa au haking'ai. Usiandike "kizuri", maana neno hilo halikusaidii kununua chochote. Sifa inayojitokeza mara nne au zaidi ni yako, hata kama hujawahi kuipa jina. Kisha andika orodha ya pili, ya vitu ambavyo usingevipokea hata ukipewa bure. Orodha hii huwa na ukweli zaidi, kwa kuwa hakuna anayejipendekeza kwa mtu anapokataa.

Picha zije baadaye. Kusanya kama thelathini kwa wiki mbili bila kuzichambua, kisha zipange pamoja na ujiulize, kwa kila moja, ni nini hasa kilichokuvuta. Mara nyingi utakuta si samani. Ni dirisha kubwa, dari iliyoinuka, au sakafu iliyoachwa wazi. Wengi hupoteza fedha hapa: picha ishirini zina mwanga wa kutosha, wao wananunua kochi lililomo, na mwanga unabaki kwenye picha. Kumbuka pia kwamba kabla ya kupiga picha, nyaya, chaja, viatu na ndoo vilitolewa nje. Kama nyumba yako haina pa kuvihifadhi, chumba cha vitu vichache hakitadumu hata kama ndicho unachokipenda kwa dhati, na kabati lenye milango litakufaa kuliko rafu za wazi.

Rangi ijaribiwe juu ya ubao wa sentimita 60 kwa 60, tabaka mbili, badala ya kupakwa moja kwa moja ukutani, kwa sababu rangi ya zamani iliyo pembeni hulidanganya jicho. Uhamishe ubao ukuta hadi ukuta na uutazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Nyeupe na kijivu zina rangi nyingine iliyojificha ndani yake, ya njano, waridi au bluu, na balbu huiibua. Balbu ya Kelvini 2,700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, kilichoandikwa kwenye boksi la balbu) hutoa mwanga wa njano wenye joto. Ya 4,000 huwa nyeupe. Ya 6,500 huelekea bluu na kuifanya mbao ya kahawia ionekane imefifia. Balbu za aina mbili katika chumba kimoja zinatosha kuvuruga rangi uliyoihangaikia.

Kuna makosa ya vipimo ambayo mtindo hulaumiwa bure kwa ajili yake. Zulia likiwa dogo kiasi cha kuelea katikati, kila kitu kinaonekana kimetawanyika. Angalau miguu ya mbele ya kochi ikae juu yake. Meza ya mbele ya kochi iwe umbali wa sentimita 40 hadi 45. Picha hutundikwa juu mno karibu kila nyumba: katikati yake iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na ikiwa juu ya kochi, fremu ianzie sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi. Upana wa kitambaa cha pazia uwe mara mbili ya urefu wa fimbo yake, vinginevyo likifungwa litaning'inia kama shuka. Rekebisha haya kwanza, kabla ya kutangaza kwamba umekosea mtindo na kuuza samani.

Basi anayesema "bado sijapata mtindo wangu", kwa kuwa tu hakuna jina linalomtosha, pengine anao tayari. Fundi akimuuliza, badala ya "kisasa" anaweza kujibu: mbao nyeusi isiyong'aa, kingo za mviringo, sakafu iwe wazi, mwanga wa njano, na rangi ya dhahabu isiwepo kabisa.