Mafuriko si hukumu ya waliofurikiwa

Tangu nikiwa mdogo huku Nakuru nimesikia hii maneno, maji yakibeba nyumba za watu lazima kuna mtu atasema hao walikuwa na dhambi fulani ndio Mungu akawachapa. Mimi ni Mkristo na naipenda Biblia, na ndio maana hii kitu inaniuma.

Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa, na Yesu mwenyewe akauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu? Akajibu hapana. Ni kweli akaendelea kuwaambia watubu, lakini aliwaambia wale waliokuwa hai wakimsikiliza, hakuwasema marehemu.

Sasa chukua Mai Mahiu, mji mdogo hapa kaunti ya Nakuru, Kenya, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024. Mvua ilikuwa imenyesha sana, matope na miti ikaziba ile njia ya maji chini ya reli, maji yakajaa nyuma yake mpaka yakapasua, yakashukia watu wamelala, watoto kwa wazee. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amekosa nini jameni?

Kwenye Biblia pia kuna Ayubu, mtu mwema aliyepatwa na misiba mikubwa; marafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, hapo walifanya poa kabisa. Shida ilianza walipofungua mdomo kumtafutia kosa, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Kwa hivyo ukienda kwa aliyefurikiwa beba blanketi na unga, shika fagio mtoe matope pamoja, na akilia, kaa tu hapo naye.