Kazi ya Ng'ambo: Uliza Kwanza, Lipa Baadaye

Malalamiko tunayopokea Nairobi siku hizi yana sura moja: mtu ameshalipa wakala, ndipo anakuja kuuliza kama kazi yenyewe ipo.

Tuanze na Ujerumani. Makubaliano ya Kenya na nchi hiyo kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi yalitiwa saini Berlin, Septemba 2024, na hayana idadi yoyote ya nafasi za kazi. Zile nafasi 250,000 zinazotajwa hadi leo kwenye vikundi vya WhatsApp zilikanushwa papo hapo na serikali ya Ujerumani yenyewe. Kwa hivyo hakuna orodha ambayo mtu atakuingiza ukimpa chochote. Tafuta mwajiri, soma Kijerumani, na kama wewe ni muuguzi, vyeti vyako vipitie utaratibu wa kutambuliwa kule.

Uingereza nayo, tangu Julai 22, 2025, haipokei tena maombi mapya ya wahudumu wa wazee walio nje ya nchi hiyo. Bado tunaletewa barua za kazi hiyo. Moja ilikuwa na nembo ya kifalme, anwani ya Gmail, na maagizo ya kutuma "ada ya visa" kwa nambari ya M-Pesa. Mwajiri wa Manchester mwenye laini ya Safaricom! Kwa kazi nyingine, orodha ya waajiri wenye leseni ya kufadhili wageni iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure. Jina kuwemo humo halitoshi, kwani matapeli pia huisoma. Mwandikie mwajiri kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake. Tena cheti cha ufadhili, ambacho mwajiri humpa mfanyakazi ili aombe visa, si karatasi ya kutiwa fremu. Ni rekodi ya kielektroniki yenye nambari.

Kwenye wasifukazi, ondoa dini, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho.

Wakala wa hapa sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili uwe haujaisha muda. Anayesafirisha watu kwa hila ili wakanyonywe hukabiliwa na sheria ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili. Akirudia kosa, ni kifungo cha maisha.

Cheti cha tabia njema, kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Ukishalipa, chapisha risiti pamoja na C24, fomu ya alama za vidole, kisha uende Huduma Centre au makao makuu ya idara ya upelelezi wa jinai (DCI), Kiambu Road, ukachukuliwe alama za vidole. Beba kitambulisho halisi, wala si picha yake kwenye simu. C24 huchapishwa pande mbili za karatasi moja. Ukija na karatasi mbili utarudishwa, na kumfokea karani hakutabadilisha fomu.