Kwa nini Sony haikumuuza mbwa wake wa roboti Illinois?

Mwaka 2018 Sony ilimwingiza Aibo katika soko la Marekani. Ni mbwa wa roboti mwenye kamera puani, bei yake dola 2,899. Anatikisa mkia, anakimbiza mpira, na akishakuzoea anakutambua kwa sura: huyu mwenye nyumba, huyu mgeni. Mkazi wa jimbo la Indiana aliweza kumwagiza. Aliyekaa upande wa pili wa mpaka, Chicago katika jimbo la Illinois, alinyimwa. Mwaka huohuo programu ya Google iliyolinganisha selfi yako na michoro ya makumbusho iligoma kufanya kazi Illinois na Texas.

Hakuna sheria ya Illinois inayotaja mbwa wa roboti. Iliyopo ni sheria fupi ya mwaka 2008 kuhusu taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili vinavyomtambulisha mtu, ambayo mawakili huiita BIPA kwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza. Ilitungwa kabla maneno akili mnemba hayajafika midomoni mwa watu, lakini imezigharimu kampuni za akili mnemba kuliko sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili yao.

Chanzo chake ni kidole. Miaka ile kampuni kubwa zilikuwa zimeichagua Chicago na miji mingine ya Illinois kujaribia malipo ya kidole: unafika dukani, kituo cha mafuta au kantini ya shule, unabonyeza kidole, pesa inakatwa. Mojawapo, Pay By Touch, ikafilisika mwishoni mwa 2007. Kampuni ikifilisika mali zake huuzwa ili wadai walipwe, na miongoni mwa mali zake zilikuwamo alama za vidole za wateja. Zikiuzwa, ni nani atakayezinunua? Bunge la jimbo liliandika hoja yake ndani ya sheria yenyewe: nambari ya kitambulisho ikiibwa hubadilishwa, lakini kidole au uso ukiibwa mwenyewe hana pa kukimbilia.

Yanayolindwa ni alama ya kidole, mboni na retina ya jicho, alama ya sauti, na vipimo vya mkono au uso. Picha ya kawaida haimo, na hapa wengi huteleza. Programu ya kutambua sura haiihifadhi picha jinsi wewe unavyoiona. Inautafuta uso, inapima umbali kati ya macho, upana wa pua, mkunjo wa taya, kisha inageuza yote kuwa msururu wa namba. Kesho ukipita tena mbele ya kamera inatengeneza msururu mwingine na kuulinganisha na ule wa jana. Picha yako ya harusi kwenye simu haina neno. Msururu wa namba uliochotwa kutoka kwenye picha hiyo ndio unaoamsha sheria, na mahakama zilikataa hoja ya kampuni kwamba vipimo vilivyochotwa kwenye picha havimo katika sheria.

Kuitii ni kazi ndogo ajabu. Kampuni inatakiwa iwe na sera ya maandishi iliyo wazi kwa umma, inayosema taarifa zitafutwa lini: shughuli iliyozileta ikiisha, au miaka 3 tangu mtu alipoonana na kampuni mara ya mwisho, lolote litakalotangulia. Kabla ya kuchukua kidole au uso, imweleze mtu kwa maandishi kinachochukuliwa, cha nini, na kwa muda gani, kisha apewe karatasi ya idhini aisaini. Mwajiri anaruhusiwa hata kuifanya idhini hiyo sharti la kazi. Kuuza taarifa hizo ni marufuku, hata kwa idhini. Kumpa mtu mwingine bila ruhusa ya mwenyewe nako kumezuiwa, isipokuwa kwa sababu chache kama amri ya mahakama.

Kwa saa ya kidole ya kiwandani, basi, kinachotakiwa ni karatasi moja siku ya kuajiriwa. Kwa mbwa wa roboti mambo ni mengine. Mwenye mbwa atasaini, sawa. Je, shemeji aliyekuja kutembea Jumapili? Watoto wa jirani? Aliyeleta mzigo mlangoni? Mbwa anawatazama wote, na hana namna ya kumjua mwenyeji bila kumpima mgeni.

Lakini karatasi peke yake haielezi hofu ya kampuni. Inayoeleza ni ibara ya fidia: dola 1,000 kwa kosa la uzembe, dola 5,000 kwa kosa la makusudi au la kutojali, pamoja na ada za wakili. Na mwenye haki ya kwenda mahakamani ni mtu yeyote aliyekosewa, bila kumsubiri mwendesha mashtaka wa serikali. Dola 1,000 ni chache mno kumshughulisha wakili, na ndiyo maana kesi hizi hufunguliwa kwa pamoja na maelfu ya watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na huku vidole vililetwa kwa maelfu.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaufungua mlango zaidi. Bustani ya michezo ya Six Flags ilikuwa imechukua alama ya kidole cha gumba cha mvulana wa miaka 14 kwa ajili ya tiketi ya msimu, bila idhini ya mzazi. Hakuna kilichoibwa, hakuna aliyepata hasara ya senti. Mahakama ikasema haihitajiki hasara: kunyimwa haki ya kuulizwa kwanza kunatosha.

Februari 2023 mahakama hiyohiyo ikaamua katika kesi dhidi ya mikahawa ya White Castle kwamba kosa linahesabika upya kila kidole kinapowekwa. Tufanye hesabu. Mfanyakazi anaingia, anatoka kula, anarudi, anaondoka: mara 4 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni mara 1,000. Kwa dola 1,000 kila mara, mtu mmoja anadai dola milioni 1 kwa mwaka. White Castle, yenye wafanyakazi wapatao 9,500 katika kesi hiyo, ilikadiria kwamba ingeweza kudaiwa zaidi ya dola bilioni 17. Majaji wenyewe waliliomba bunge litazame tena sheria, na Agosti 2024 ikarekebishwa: mtu mmoja, njia ileile ya kuchukua taarifa, fidia moja. Saini ya kielektroniki nayo ikakubaliwa.

Kosa la kawaida kwa waajiri ni kudhani mzigo ni wa aliyewauzia mashine. Kampuni ya reli ya BNSF ilijitetea hivyo. Madereva wa malori walikuwa wakiweka vidole kwenye mageti ya stesheni zake za mizigo, na mageti yaliendeshwa na mkandarasi. Baraza la wazee wa mahakama halikushawishika. Oktoba 2022 lilihesabu makosa 45,600 ya makusudi au kutojali, na 45,600 mara 5,000 ni dola milioni 228. Baadaye jaji aliifuta hesabu hiyo ya fidia, na kesi ikamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 75. Facebook, kwa kipengele chake cha kupendekeza majina ya watu kwenye picha, ililipa milioni 650. Clearview AI, iliyozoa mabilioni ya picha mtandaoni ili kutengeneza mashine ya kutafuta sura, haikuwa na fedha za kulipa, kwa hiyo mapatano yaliyoidhinishwa Machi 2025 yaliwapa walalamikaji asilimia 23 ya thamani ya kampuni. Yaani aliyepimwa uso bila kuulizwa sasa fidia yake inategemea biashara ya kupima nyuso ikue. Suluhisho la ajabu, lakini ndilo lililopatikana.

Linganisha na Texas. Sheria yake ya 2009 inafanana na ya Illinois, na adhabu yake ni kubwa zaidi, hadi dola 25,000 kwa kosa. Ila anayeweza kushtaki ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo tu. Sheria ikalala zaidi ya miaka 12 bila kesi hata moja, hadi Februari 2022 alipoishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook. Alipoamka, aliamka kweli: Julai 2024 Meta ikakubali kulipa dola bilioni 1.4. Kwa maoni yetu tofauti hii ndiyo ya kutazamwa kwanza unaposoma sheria yoyote ya akili mnemba. Orodha ya makatazo hufanana sana kutoka jimbo hadi jimbo. Uliza ni nani aliyeshikishwa fimbo.

Kazi hii imeangukia majimbo kwa sababu Washington haijatunga sheria moja ya nchi nzima ya faragha ya taarifa binafsi katika biashara. Lilipokuja pendekezo la kuyazuia majimbo kudhibiti akili mnemba kwa miaka 10, Seneti ililiondoa Julai 1, 2025 kwa kura 99 dhidi ya 1. Kenya ilichagua njia nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni ya nchi nzima, na inayahesabu mambo ya bayometriki kuwa taarifa nyeti. Ndiyo iliyotumika Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamuru kufutwa kwa data za bayometriki zilizokusanywa na Worldcoin, waliokuwa wakipiga picha mboni za macho na kugawa sarafu za kidijitali.

Illinois yenyewe imeendelea kuongeza sheria, na si zote zina meno. Tangu Januari 2020 mwajiri anayetumia akili mnemba kuchambua video ya usaili lazima amjulishe mwombaji kabla, amweleze programu inafanyaje kazi na inapima sifa zipi, na apate ridhaa. Mwombaji akitaka, video ifutwe ndani ya siku 30, pamoja na nakala zote za akiba. Ukiisoma mwanzo hadi mwisho hutaona faini wala fidia, na haikuvuma mahakamani kama ndugu yake wa 2008. Tangu Januari 1, 2026 kuna nyongeza katika sheria ya haki za binadamu ya jimbo: mwajiri hatakiwi kutumia akili mnemba yenye matokeo ya kibaguzi, wala kutumia msimbo wa posta wa mtaa anakoishi mwombaji kama kificho cha rangi yake. Hii imewekewa mahali pa kulalamika, Idara ya Haki za Binadamu ya Illinois, na mwombaji hahitaji kufika na wakili.